Miti na Vizimba vya Kuegemeza Nyanya: Namna ya Kuchagua Vilivyo Imara na Vyenye Kupendeza

Shina la nyanya ni laini na haliwezi kubeba peke yake uzito wa matunda yake. Mmea ukilala chini, matunda hugusa udongo na kuoza, na matone ya mvua hurusha vimelea vya bakajani kutoka ardhini hadi kwenye majani. Egemeo linaloanguka wakati matunda yanapokomaa huharibu kazi ya msimu mzima. Kwa sababu hiyo, egemeo huchaguliwa kabla ya miche kuhamishiwa shambani.

Aina ya nyanya

Nyanya fupi, kama vile Roma na Cal J, hufikia kimo fulani na kuacha kurefuka. Hutosheka na fito za mita 1.2 au kizimba cha waya. Nyanya ndefu, kama vile Moneymaker, huendelea kurefuka wakati zikizaa. Huhitaji miti ya mita 2 au zaidi, kwa kuwa takriban sentimita 50 za mti huzama ardhini.

Mianzi, fito na chuma

Mianzi ni myepesi na hunyooka vizuri, na katika Nyanda za Juu Kusini, hususan Iringa na Njombe, hupatikana kwa urahisi. Inayofaa ni ile iliyokomaa na kukaushwa. Mwanzi mchanga hupinda na kubunguliwa na wadudu.

Fito za mikaratusi zina nguvu, lakini huliwa na mchwa. Zimenywe magamba na kukaushwa kabla ya kusimikwa. Kukata fito katika hifadhi ya misitu bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002; chanzo salama ni miti iliyopandwa na mkulima mwenyewe.

Nondo na mabomba ya chuma ni ghali mwanzoni, ila hudumu misimu mingi yakipakwa rangi ya kuzuia kutu.

Bustani ya nyumbani

Kizimba kiwe na kipenyo cha sentimita 45 hadi 60, na matundu yanayopitisha mkono wakati wa kuchuma. Kifungwe kwenye nguzo, kwani kikiachwa peke yake hupinduliwa na upepo. Bustani hupendeza fito zinapokuwa za urefu mmoja, zimesimama wima katika mstari ulionyooka, na chuma kimepakwa rangi ya kijani au kahawia.

Kusimika na kufunga

Mti husimikwa siku ya kuhamisha miche au mara baada ya hapo, umbali wa sentimita 10 kutoka shinani. Ukicheleweshwa, hukata mizizi iliyokwisha kutanda. Kamba ya katani au kipande cha kitambaa hufungwa kwa umbo la nane, ili shina lipate nafasi ya kunenepa. Waya mwembamba haufai, kwani hukata shina.

Baada ya mavuno

Miti ing'olewe, isuguliwe udongo, ioshwe kwa dawa ya kuua vimelea na kuhifadhiwa mahali pakavu. Iliyotoka katika shamba lenye mnyauko isirudishwe kwenye nyanya. Mkulima mwenye shaka kuhusu ugonjwa amwone afisa ugani wa kata yake kabla ya kuitumia tena.