Kasha la kompyuta la mnara wa kati: tathmini yake Tarime na Serengeti

Kasha la mnara wa kati ni boksi la kompyuta ya mezani linalosimama wima, lenye kimo cha kama sentimita 42 hadi 50, na linalopokea mazabodi ya kipimo kamili cha ATX, yaani milimita 305 kwa 244. Dukani wateja wengi huliita CPU, pamoja na vyote vilivyomo. Kipimo cha ATX kilitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995 na hakijabadilika. Kasha dogo zaidi huishia kwenye mazabodi ya micro-ATX, ya milimita 244 kwa 244.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaohitaji kasha la aina hii ni hasa stesheneri, studio za muziki na video, na ofisi ambazo kompyuta zake hufunguliwa na kuongezwa vifaa mara kwa mara. Anayeandika barua tu anatosheka na kompyuta ndogo ya mtumba. Tathmini zinazotoka ng'ambo husifu vioo vya ubavuni na taa za rangi, lakini huku kasha halipimwi kwa hayo. Kinachotangulia ni vumbi.

Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, imeishi miaka mingi na barabara za changarawe, na hali ni hiyo hiyo kwa njia nyingi za kuelekea Nyamongo, ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Wakati wa kiangazi lori likipita mbele ya fremu za maduka, vumbi jekundu huingia mpaka kwenye droo. Ndani ya kompyuta vumbi hilo hutua kwanza kati ya mapezi ya kipoza joto cha prosesa, likashikamana na unyevu wa mvua zinazofuata na kuwa kama blanketi. Feni huongeza kasi, kelele hupanda, na mwishowe prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni chujio. Chujio zuri ni wavu mwembamba unaofunika sehemu yote ya mbele na kuchomoka kwa mkono bila bisibisi, maana chujio lisilotoka kirahisi halisafishwi. La pili ni hesabu ya feni. Feni mbili za milimita 120 zikivuta hewa kwa mbele kupitia chujio, na moja ikitoa kwa nyuma, hewa ndani ya kasha huwa na shinikizo dogo la kusukuma nje, na vumbi halipenyi kwenye nyufa. Ukigeuza hesabu hiyo, kila tundu lisilo na chujio huwa mlango wa vumbi. Makasha mengi ya bei nafuu huja na feni moja tu ya nyuma, na hilo ndilo kosa lao kubwa, ingawa hurekebishika kwa kuongeza feni mbili.

Tundu la kuvutia hewa ya pawa saplai mara nyingi liko chini ya kasha. Dukani, ambako sakafu ya saruji hufagiwa kila asubuhi, kasha lililowekwa chini humeza taka zote za ufagio. Liinuliwe juu ya meza au kibao. Nalo paa la kasha lenye matundu makubwa si sifa chini ya mabati yanayovuja, wala palipo na mijusi darini.

Joto lenyewe si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Miinuko ya Tarime hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu kidogo kuliko inavyoweza Dar es Salaam. Lakini ubaridi wa huko hufidia upungufu huo.

Umeme una namna yake ya kuonekana kwenye kasha. Nyumba nyingi hazina waya wa ethi unaofika ardhini kweli, au plagi imechomekwa kwenye adapta ya pini mbili. Vichujio vya umeme ndani ya pawa saplai huunganishwa na bati la kasha, na ethi ikikosekana bati hilo hubaki na takriban nusu ya volti 230 za gridi. Mkondo wake ni mdogo, lakini mtu mwenye miguu peku akigusa skrubu ya nyuma huhisi kutekenywa, na testa huwaka. Fundi huambiwa kasha ni bovu, na kasha halina kosa. Dawa ni ethi. Kinachostahili lawama ni pawa saplai inayouzwa pamoja na kasha la bei rahisi. Ikiwa nyepesi mkononi huku imeandikwa wati 500, linunuliwe kasha peke yake.

Ubora wa bati hujulikana kwa vidole. Ubavu ukiondolewa, bati likibonyezwa katikati kwa dole gumba lisibonyee kama kopo. Kingo za ndani ziwe zimekunjwa, la sivyo zitakata mkono wa fundi. Skrubu ijaribiwe kwenye nafasi kadhaa, kwani bati jembamba hupoteza nyuzi baada ya kufunguliwa mara chache. Vibati vya kuziba nafasi za kadi, saba kwa kawaida, viwe vya kufungwa kwa skrubu. Vile vya kuvunja havirudi, na pengo linalobaki ni njia ya mende.

Upana nao upimwe, hasa urefu wa kipoza joto unaoruhusiwa (makasha mengi huruhusu kama milimita 160) na nafasi ya kadi ya grafiki. Mwenye mazabodi ya zamani aangalie waya wa USB ya mbele, kwani plagi ya pini 19 haiingii kwenye mazabodi yenye pini tisa. Na baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP zinazokuja kama mtumba zina mazabodi na plagi za kipekee. Kuzihamishia kwenye kasha la kawaida kunahitaji adapta, na mara nyingine haiwezekani kabisa.

Studio inayorekodi litungu, kinubi cha Wakurya, itafute kasha lenye nafasi za feni za milimita 140, kwa kuwa feni kubwa husukuma hewa ileile kwa mzunguko wa polepole na haisikiki kwenye maikrofoni.

Kioo cha ubavuni kinafika salama kikisafirishwa kando, kimefungwa kwa blanketi. Kikiachwa kwenye kasha ndani ya buti la basi la Mwanza, ni bahati nasibu.

Kasha kuukuu la miaka ya 2000, lenye bati zito, bado linapokea mazabodi mpya ya ATX. Likitobolewa mbele kwa ajili ya feni mbili na kufungwa wavu, ni bora kuliko mengi mapya ya bei ya chini, na fundi asilipeleke kwenye chuma chakavu.