Laini kwanza, simu baadaye: ushauri kwa anayekwenda Arabuni

Huku Free Area, Nakuru, ninakoishi sasa, vijana wanaofunga mizigo ya Saudia na Dubai wapo kama walivyo Likoni na Malindi. Na kwa kuwa majirani wanajua mimi ni mtu wa Pwani, huniuliza mambo ya Arabuni kana kwamba nilizaliwa Maskati. Swali la kwanza huwa ni lile lile: ninunue simu gani? Nami huwauliza: laini yako ya hapa utaifanyaje?

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nambari ya simu imekuwa mfuko wetu. Ndiyo inayopokea nambari za siri za benki, ndiyo iliyosajili WhatsApp, na ndiyo chama kinayoijua. Laini iliyolala muda mrefu bila kutumika hufungwa na kampuni, na nambari huweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, washa romingi ukiwa bado Kenya, weka salio, halafu zima data ya romingi ili salio lisiyeyuke. Ukifika, itumie mara moja moja ijulikane iko hai.

Kuna wanaomwachia mama au kaka kadi ya laini pamoja na PIN, ili apokee pesa za matumizi. Mimi siafiki. Siku WhatsApp yako itakapotaka uthibitisho, nambari ya siri itaangukia Kisauni na wewe uko Riyadh. Mama awe na laini yake, umtumie huko. Na WhatsApp usiibadilishe nambari: itaendelea kufanya kazi na ya Kenya hata ukitumia bando la laini mpya. Weka tu ile PIN ya hatua mbili pamoja na barua pepe.

Sasa simu. Sifa ya kwanza ni kuwa na nafasi ya laini mbili, moja ya nyumbani na moja ya huko. Ya pili, isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja. Ijaribu na kadi ya kampuni nyingine hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Baada ya hapo angalia betri na nafasi ya kuhifadhi. Kamera tatu nyuma ni mapambo.

Jihadhari na simu ya mkopo ya kulipa kidogo kidogo. Achia mbali suala la riba, ambalo kila mtu atamuuliza sheikhe wake. Simu hizo hujifunga malipo yakichelewa, na malipo yenyewe hupitia M-Pesa. Mshahara wa kwanza ukichelewa, utabaki ugenini na kipande cha kioo mkononi. Maliza deni kwanza, au nenda na simu ya bei ndogo iliyo yako.

Wengine husema watanunua iPhone huko huko. Sawa, lakini iPhone 17 zinazouzwa Saudia, Imarati, Oman, Qatar na Kuwait hazina tundu la kadi kabisa. Hutumia eSIM, laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Za Marekani ziko hivyo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Kadi yako ya Kenya haitaingia, basi uwe umeihamishia kwenye eSIM mapema.

Kuhusu mitandao, Saudia utakuta stc, Mobily na Zain; Imarati ni e&, iliyokuwa ikiitwa Etisalat, na du; Oman ni Omantel, Ooredoo na Vodafone. Mtandao bora ni ule unaoshika ndani ya chumba unacholala, kwa hiyo waulize waliokutangulia mtaa huo. Nunua bando la data kuliko la dakika, maana Kenya utapiga kwa intaneti.

Hapo napo pana mtihani. Imarati simu za WhatsApp zimezuiwa, na watu hutumia programu zilizoruhusiwa kama Botim. Mwekee mama programu hiyo na mfundishe kuipokea ungali nyumbani. Saudia ilitangaza kuondoa zuio la simu za intaneti Septemba 2017, lakini usitegemee programu moja tu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi, hasa kwa dada zetu wa kazi za nyumbani: laini ya huko iwe kwa jina lako. Saudia husajiliwa kwa iqama na alama za vidole, na Absher, mtandao wa serikali wa kushughulikia mambo ya iqama, hutaka nambari iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Kafili akikupa laini yake, ishukuru na uitumie, lakini iqama ikitoka tu ukachukue yako. Laini ya mtu mwingine siku mkikosana ataizima, na hutakuwa na pa kupigia.

Usiku wa kuamkia safari piga *#06#, andika nambari ya IMEI inayotokea, na chini yake nambari mbili za jamaa na ya ubalozi wa Kenya. Karatasi moja iache kwa mama, nyingine ishone ndani ya mkoba, si kwenye simu.