Mbolezi ya Eibhlín Dubh Ní Chonaill na Suala la Umiliki wa Utungo

Utangulizi

Mnamo tarehe 4 Mei 1773, karibu na kijiji cha Carriganima katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland, askari walimpiga risasi na kumwua Art Ó Laoghaire, kijana aliyewahi kuwa kapteni katika jeshi la Austria. Mjane wake, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa Caoineadh Airt Uí Laoghaire, yaani Mbolezi ya Art Ó Laoghaire, utungo unaohesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya Kiairishi. Katika mhadhara wake wa Oxford mwaka 1984, Peter Levi aliukweza juu ya mashairi yote ya karne ya 18 yaliyotungwa Uingereza na Ireland. Hata hivyo, hakuna muswada wa utungo huu ulioandikwa kwa mkono wa Eibhlín. Uliishi vinywani mwa watu kabla ya kuingia kitabuni. Je, yafaa kumwita Eibhlín mtunzi wake? Makala haya yanadai kuwa yafaa, ila dhana yenyewe ya mtunzi haina budi kupanuliwa.

Maisha na Mazingira

Eibhlín alizaliwa mnamo 1743 hivi katika ukoo wa O'Connell wa Derrynane, kaunti ya Kerry. Ukoo huo wa Kikatoliki ulifanikiwa kuhifadhi mali na hadhi yake chini ya utawala uliowabana Wakatoliki, na biashara ya magendo ya baharini ilichangia ustawi huo. Daniel O'Connell, mwanasiasa mashuhuri wa karne ya 19, alikuwa mtoto wa kaka yake. Eibhlín aliozwa akiwa binti mdogo kwa mume aliyemzidi sana umri, na baada ya muda mfupi akafiwa naye. Mwaka 1767 aliolewa na Art kinyume cha matakwa ya jamaa zake, wakafanya makao Rathleigh, karibu na mji wa Macroom.

Kisa cha kifo cha Art hakieleweki pasipo sheria za wakati huo. Sheria ya 1695 ilimzuia Mkatoliki kumiliki silaha, na pia farasi wa thamani ya zaidi ya pauni 5. Mprotestanti aliweza kumtolea Mkatoliki kiasi hicho na kumchukua farasi wake, hata awe bora namna gani. Art alikuwa na farasi mzuri, upanga na tabia ya kutoinamisha kichwa. Ugomvi wake na hakimu Abraham Morris ulidhihirika wazi mwaka 1771. Kwa mujibu wa masimulizi, farasi wa Art alimshinda wa Morris katika mashindano, naye Morris akadai kumnunua kwa pauni 5. Art alikataa. Ugomvi huo ulimfikisha mbele ya mtutu wa bunduki. Morris alishtakiwa kwa mauaji, lakini mwaka huohuo mahakama ilimwachilia.

Muundo na Uwasilishi

Utungo huu ni wa kumbo ya caoineadh, mbolezi iliyoghanwa na wanawake mbele ya maiti. Kanisa Katoliki lilikuwa limeipiga marufuku desturi hiyo mara kadhaa, lakini haikukoma. Katika jamii ambamo mwanamke hakuwa na sauti mahakamani, matanga yalikuwa baraza lake. Hapo aliweza kumsifu marehemu, kumtaja muuaji kwa jina, kumlaani na kuchochea kisasi bila kunyamazishwa.

Kiarudhi, mbolezi hii hufuata bahari ya rosc. Mishororo ni mifupi, kila mmoja una mikazo miwili au mitatu, na beti hazilingani kwa urefu. Mwangwi wa irabu mwishoni mwa mishororo ndio unaoufunga ubeti. Umbo hili humfaa fanani anayetunga papo kwa papo, kwani ubeti hurefuka au kufupika kwa kadiri ya pumzi na uchungu wake. Katika toleo la Seán Ó Tuama la 1961 utungo unafikia mishororo 390 hivi, nao haukutungwa katika kikao kimoja. Sehemu zake zinahusishwa na mahali pa mauaji, na matanga, na hatimaye na kuzikwa upya kwa Art katika magofu ya abasia ya Kilcrea.

Sehemu inayokumbukwa zaidi ni ile ya farasi kurejea nyumbani bila mpandaji, hatamu zikiburura chini. Mke haulizi neno. Anaruka mara tatu: hadi kizingitini, hadi langoni, kisha juu ya farasi. Anamkuta mumewe karibu na kichaka, hana kasisi wa kumwombea, isipokuwa bibi kizee aliyemfunika kwa joho lake. Hapo mjane anainywa damu ya mumewe kwa viganja. Tendo hili lina mizizi katika fasihi ya kale ya Kigaeli, lakini hapa limewekwa baada ya matukio ya kawaida kabisa ya nyumbani, na ndiyo maana linashtua.

Suala la Umiliki

Matoleo mawili muhimu ya mbolezi yalinakiliwa kutoka kwa Nóra Ní Shíndile, mwombolezaji mashuhuri wa eneo la Millstreet. Utungo ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1892. Katika miaka ya 1990 mwanahistoria L. M. Cullen alitilia shaka iwapo utungo tulio nao ni kazi ya Eibhlín mwenyewe. Shaka hiyo ina manufaa, kwani inamwonya mtafiti asiusome utungo kana kwamba ni ushahidi wa kiapo.

Mfano mzuri ni malumbano baina ya Eibhlín na wifi yake. Dada wa Art anamshutumu mjane kwa kulala usiku wa matanga. Mjane anajibu kwamba hakulala, bali alikwenda kuwabembeleza watoto waliokuwa wakilia. Ni rahisi kuichukua sehemu hii kuwa kumbukumbu halisi ya ugomvi wa kifamilia. Lakini Angela Bourke ameonyesha kuwa mvutano baina ya ukoo wa mume na wa mke ni sehemu ya kaida za kumbo hii. Kwa hiyo malumbano hayathibitishi peke yake kwamba maneno ni ya Eibhlín.

Vilevile, hayathibitishi kinyume chake. Kutumia fomula za kijadi hakumwondolei fanani utunzi wake, kwani kila mwombolezaji alitumia fomula, na ustadi ulikuwa katika kuzichagua na kuzipanga. Ukosefu wa muswada nao si hoja nzito. Uandishi wa miswada ya Kiairishi ulikuwa hasa mikononi mwa wanaume, na mbolezi za wanawake hazikupewa nafasi kubwa humo. Anayedai muswada kabla ya kumtambua mtunzi anaihukumu fasihi simulizi kwa sheria ya fasihi andishi. Isitoshe, Nóra hakuwa chombo tu cha kupitishia maneno. Alikuwa fanani mwenyewe, na kumtambua hakumpunguzii Eibhlín chochote. Mmoja aliuanzisha utungo kwa msiba wake, na mwingine aliubeba kwa ujuzi wake hadi ukamfikia msomaji.

Hitimisho

Watafsiri kama Frank O'Connor, Eilís Dillon na Thomas Kinsella waliusambaza utungo huu kwa wasomaji wa Kiingereza. Mwaka 2020 Doireann Ní Ghríofa alichapisha A Ghost in the Throat, kitabu kinachofuatia nyayo za Eibhlín na kuonyesha jinsi kumbukumbu rasmi zilivyomtaja kwa uchache, mara nyingi kama mke, dada au shangazi wa mwanamume fulani. Hapo ndipo uzito wa suala la umiliki ulipo. Mahakama ya 1773 ilimwachilia Morris, lakini mbolezi haikumwachilia. Kwa zaidi ya karne mbili jina lake limetajwa pamoja na laana ya mjane. Uhakiki unaomvua Eibhlín utungo huu bila ushahidi wa kutosha humrudisha katika ukimya ule ambao mbolezi yenyewe ilikusudiwa kuuvunja.