Swichi Inayonusa

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, mpwa wangu alitujia hapa Nyegezi kutoka Dar es Salaam na kiboksi kidogo kilichofungwa kwenye gazeti. "Mjomba, nimekuletea swichi," akasema. Nikamjibu kwamba swichi ninazo, na zinawasha taa kila siku umeme ukiwepo. Akacheka. Hii, alisema, inapima joto la chumba, inapima unyevu, inanusa hewa, na ukipenda inaiwasha feni yenyewe bila mtu kunyanyuka kitini.

Haikuwa zawadi iliyokuja bure bure. Binti yetu wa pili alikuwa anarudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Desemba, na chumba alichokuwa atakaa ndicho kile cha nyuma, ambacho tangu tubadilishe madirisha kimekuwa kizito kwa hewa. Mpwa wangu anajua habari ya chumba hicho. Nitaifikia.

Fundi umeme alikuja Jumamosi. Akafungua swichi ya zamani, akachungulia ndani ya kiboksi cha ukutani, akatikisa kichwa. "Mzee, hapa hakuna nyutro." Ilibidi anieleze. Nyumba yetu ilitandazwa nyaya mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya gridi ya Taifa kufika Mwanza kwa ile njia ya kilovolti 220 inayotoka Iringa kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Siku zile waya uliteremshwa ukutani kwa kusudi moja tu: waya wa moto ushuke hadi kwenye swichi, ukatwe au uunganishwe, kisha upande tena kwenye taa. Nyutro ilibaki juu darini, ikaenda moja kwa moja kwenye taa. Swichi ya aina hiyo haili umeme. Ni mlango tu.

Mlango huo una historia yake. Mwaka 1884, katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, John Henry Holmes alibuni swichi inayotengana kwa kasi, ili cheche isipate muda wa kuunguza vyuma. Ule mlio wa "tak" tunaousikia tangu utotoni ndio uliokuwa uvumbuzi wenyewe. Mwaka mmoja kabla yake, mwalimu mmoja wa Marekani, Warren Johnson, aliyekuwa akifundisha Whitewater katika jimbo la Wisconsin, alikuwa amepata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani. Alichoka na mhudumu aliyekuwa akiingia darasani kila mara kutazama kipimajoto. Chombo chake hakikugusa tanuri lenyewe; kilipiga kengele kule chini ili mhudumu aongeze au apunguze moto. Swichi ya mpwa wangu imewaoa watu hawa wawili ndani ya kibati kimoja cha milimita 86 kwa 86. Lakini kwa kuwa inafikiri muda wote, inataka kula muda wote, na bila nyutro haili. Fundi alipasua lipu kutoka darini hadi kwenye swichi, akapitisha waya mpya, na mke wangu akafagia saruji kwa siku mbili huku akiuliza kama feni ya zamani ilikuwa na kosa gani.

Ikawaka. Kioo chake kidogo kikaandika nyuzi 31. Kipimajoto changu cha spiriti, kilichoning'inia hatua mbili kutoka pale, kilisema 28. Mpwa wangu akaeleza kwamba chombo kinajipasha chenyewe, kwa maana vifaa vyake vyote vimebanana humo ndani, na kwamba mtu huweza kukiambia kipunguze. Nilikumbuka kile kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vipande vilivyolazwa mshazari, ambacho watu wa hali ya hewa hukisimamisha juu ya nyasi. Kilibuniwa na Thomas Stevenson, baba yake yule mwandishi wa riwaya, mnamo 1864, kwa sababu moja tu: kipimajoto kipime hewa, kisipime jua wala ukuta. Swichi yangu inapima hewa, na ukuta, na nafsi yake.

Nasema hili si kwa dharau. Kupima hewa ya hapa kwetu kumekuwa na mambo ya namna hii tangu mwanzo. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima hapa Mwanza akaliona ziwa, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akaja kuwa kiongozi wa misafara. Speke alitaka kujua ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Alichemsha maji. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi; hapa kwetu, kwenye mita 1134 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Kwa kipimajoto chake alipata karibu futi 4000, na kwa vifaa alivyobakiwa navyo, si mbaya. Kwa hesabu hiyo ya sufuria alijithibitishia kwamba ziwa lina mwinuko wa kutosha kuwa chanzo cha Mto Nile. Kila mama wa Nyegezi anayebandika maji ya ugali anarudia jaribio lile bila kuandikiwa kitabu.

Mwaka ule ule wa 1858, kule Munich, daktari Max von Pettenkofer alikuwa akipima kitu ambacho Speke hakukifikiria: hewa ya ndani ya nyumba. Aliona kwamba watu wakijifungia chumbani, kabonidayoksaidi wanayoipumua huongezeka, na akaitumia kama alama ya hewa iliyochoka. Akasema chumba kizuri kisizidi sehemu moja katika elfu, yaani sehemu 1000 kwa milioni. Leo hii, miaka zaidi ya 160 baadaye, swichi yangu hubadilika rangi kutoka kijani kuwa njano penye 1000 hiyo hiyo. Hewa ya nje siku hizi ina zaidi ya 420.

Katikati ya hayo ipo hadithi ndefu ya nani alipimiwa nini. Kwa Wasukuma, mvua ilikuwa juu ya mtemi; ikikosekana aliulizwa yeye, na aliweza kuondolewa kwa ajili yake. Ukoloni ukaleta vipimo, lakini majibu hayakurudi kwa aliyeuliza. Idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1929, makao yake Nairobi, na takwimu zetu zilikwenda huko hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tanzania ikaanzisha idara yake, iliyokuwa wakala mwaka 1999 na mamlaka mwaka 2019. Wakulima na wavuvi wamefaidika, sikatai. Lakini chumba cha kulala hakijawahi kuwa na mpimaji. Hata wale vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao tangu 2015 wanatengeneza vipimavumbi vya AirQo vinavyostahimili joto, vumbi na umeme wa kukatikakatika wa miji yetu, wanavifunga nje, juu ya nguzo na mapaa. Kwa hiyo nilipokiona kioo kile chumbani, niliona kama zamu yetu imefika.

Mke wangu naye aliona hivyo, kwa namna yake. Jioni moja ya Novemba, tukiwa tunapanga mambo ya mzazi mtarajiwa, alisema atalisogeza jiko la mkaa chumbani kumpasha joto binti yake baada ya kujifungua, kama alivyopashwa yeye na mama yake. Nikanyamaza. Akanitazama, akaongeza, "Baba, si sasa ipo swichi? Hewa ikiharibika itatuambia."

Sasa niseme habari ya chumba cha nyuma. Mwaka 1994 mke wa mdogo wangu alikuwa amejifungua, na walikuwa wakikaa kwetu. Mtoto alikuwa na siku tisa. Usiku ule kulinyesha sana na umeme haukuwepo. Jiko liliwashwa nje, likaachwa hadi mkaa ukawa mwekundu kabisa bila moshi, kama ilivyoagizwa na wazee, kisha likaingizwa ndani na dirisha likafungwa kwa sababu ya mvua. Asubuhi shemeji alikutwa sakafuni hajitambui. Alipona. Mtoto hakupona. Yalisemwa mengi msibani, mengine ya kuumiza watu wasio na hatia, na undugu wetu na jirani mmoja haujakaa sawa hadi leo. Aliyetupa maelezo ya kweli ni muuguzi mstaafu aliyekuja kutoa pole. Alisema, mkaa mwekundu ndio mbaya, maana moshi ungewaamsha.

Kilichomuua mtoto ni kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mskoti John Scott Haldane alionyesha katika miaka ya 1890 jinsi inavyoing'ang'ania damu, mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na akashauri wachimba makaa wa Uingereza wateremke na ndege wadogo ambao wangelewa kabla ya mtu. Ndege hao waliendelea kutumika migodini huko hadi miaka ya 1980.

Basi usiku ule, mke wangu alipolala, nilichukua karatasi ya maelezo iliyokuja na swichi, nikawasha tochi, nikaisoma yote, hata maandishi madogo ya nyuma. Kabonimonoksaidi haimo. Nilisoma mara mbili. Zaidi ya hayo, hata ile kabonidayoksaidi iliyoandikwa kwa herufi kubwa usoni mwake haipimwi, inakadiriwa. Kipimo cha kweli cha gesi hiyo hutumia mionzi ya infraredi, ambayo gesi huimeza, jambo ambalo John Tyndall alilionyesha London mwaka 1859. Kihisi cha swichi yangu ni cha ukoo mwingine: punje ya oksaidi ya bati iliyopashwa moto, ambayo umeme wake hubadilika ikiguswa na mivuke ya kila aina. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliibuni mwaka 1962 kwa ajili ya kugundua gesi ya kupikia iliyovuja majumbani, na kwa kazi hiyo imeokoa watu wengi. Humu ndani inanusa kitunguu, spiriti na pumzi zetu, kisha inakisia: mivuke ikiwa kiasi hiki, watu watakuwa wengi kiasi hiki, basi kabonidayoksaidi itakuwa kiasi hiki. Kesho yake nilifanya jaribio. Nilinyunyiza marashi kidogo mbele yake, dirisha likiwa wazi. Namba ikaruka kutoka 600 hadi 2300, ikawa nyekundu, ikalia.

Kitu kingine nilikifahamu wiki hiyo hiyo. Umeme ukikatika, swichi inakufa. Na umeme ukikatika ndipo majiko yanapoingia ndani na jenereta zinapowekwa kwenye korido.

Nilimwita mke wangu nikamweleza. Hakupendezwa. Hatukuwahi kuzungumza vizuri habari ya 1994. Yeye ndiye aliyeliingiza jiko lile, kwa mapenzi mema kabisa, na mimi ndiye niliyefunga dirisha. Alikaa kimya muda mrefu, akachambua mchele hadi ukaisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mzazi apashwe na nini?"

Tulikubaliana maji ya moto kwenye mifuko ya mpira, maji ya kuoga yenye majani kama kawaida, na jiko libaki chini ya mwembe. Mpwa wangu aliagizwa kengele ndogo ya betri iliyotengenezwa mahususi kwa kabonimonoksaidi, ikapachikwa chumbani. Haina kioo cha kupendeza, haisemi na simu.

Na nilimwita mwashi. Nyumba hii ilijengwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, tofali tatu tatu, kama nyumba nyingi za wakati ule. Mwaka 2015 tulipoweka madirisha ya alumini na dari ya jipsamu tuliyaziba, kwa sababu yalionekana ya kizamani, na kwa sababu ya visubi wa ziwani. Asiyekaa huku hajui visubi. Wanainuka ziwani kama moshi wa meli, na wakifika usiku tunazima taa zote tukae gizani hadi wapite. Swichi ya mpwa wangu haikuambiwa hilo: siku walipokuja mwezi ule kioo chake pekee ndicho kilichobaki kikiwaka nyumba nzima, na asubuhi tuliwakwangua pale kwa kisu. Mwashi alivunja saruji, akakuta viota vikavu vya mbayuwayu ndani ya matundu, akayasafisha akaweka wavu mwembamba wa chuma. Chumba kikaanza kupumua siku hiyo hiyo; ukisimama mlangoni jioni, upepo unapogeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, unausikia shingoni.

Mtoto alizaliwa wiki ya pili ya Desemba, wa kike. Siku ya nane walikuja wageni kumwona, akina mama wa jumuiya wakiwa wamejipulizia manukato yao ya sikukuu, na shangazi yake akafukiza udi mlangoni. Swichi ikalia. Wakashtuka wote, mmoja akauliza kama ni simu ya nani. Mke wangu alitazama kwanza ile kengele nyingine, ndogo, pale juu ya kitanda, akaona imetulia. Kisha akaenda kuizima swichi, akarudi kugawa chai.