Wiski ya Marekani ku Goma: namna ya kuionja, kuihukumu, na kile ulimi hauwezi kujua

Ku alimantasyo na depo za vinywaji za Goma, kutoka Birere mpaka Katindo, chupa za wiski hupangwa juu kabisa, nyuma ya muuzaji, pahali mkono wa mteja haufiki. Majina ya Marekani yanayojulikana zaidi ni Jack Daniel's na Jim Beam. Yanakaa karibu na wiski za Scotland, na chini yao kuna chupa ndogo za plastiki zenye pombe kali ya bei ya chini. Kwa familia nyingi, chupa moja ya wiski ya Marekani ni feza ya chakula cha siku nyingi. Ndiyo maana inanunuliwa siku kubwa: mahari, ndoa, diplome ya mtoto ao kumaliza kilio. Na ndiyo maana mteja anaigeuza-geuza mkononi akiuliza: «Hii iko ya kweli?»

Swali hilo ni maswali mawili. La kwanza: kilicho ndani ni kile lebo inasema, na kina thamani ya feza iliyotoka? Hapo macho, pua na ulimi vinaweza kusaidia hata mtu asiye mtaalamu. La pili: kinywaji hiki hakina sumu? Hapo ulimi hauna nguvu hata kidogo.

Mahindi, pipa na miaka

Wiski ni pombe kali inayotolewa ku nafaka, kisha inakaa ndani ya pipa la mti. Ile ya Marekani inayojulikana zaidi ni burboni, na kwenye lebo inaandikwa «Bourbon». Sheria ya Marekani inaomba nafaka zake ziwe mahindi kwa asilimia 51 ao zaidi, ikae ndani ya mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa moto kwa ndani, na iwekwe ndani ya chupa ikiwa na alkoli asilimia 40 ao zaidi. Ile rangi ya kahawia inatoka ku mti uliochomwa. Mwaka 1964, Bunge la Marekani lilitangaza kama burboni ni kinywaji cha nchi hiyo tu. Kuna pia wiski yenye jina «Rye», ambayo nafaka yake kubwa ni aina moja ya nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Ladha yake ni kavu na inachoma kidogo kama pilipili manga.

Mkaaji wa Kivu hawezi kushangaa kusikia kama pombe kali inatoka ku mahindi. Lutuku, inayojulikana Kongo nzima, hutengenezwa kwa mahindi na mihogo. Kanyanga ya huku mipakani hutokana na pombe ya nafaka ao ya ndizi, kama kasiksi inayochemshwa tena. Kanuni ni moja kote: kitu kinachacha, kinachemshwa, mvuke unapita ku bomba, unapozwa na maji, unatoka ukiwa pombe kali. Tofauti kubwa ni mbili. Kiwanda kinatenga ile inayotoka kwanza na ile inayotoka mwisho, kinapima nguvu kwa chombo, na kinaweza kurudia kila siku kile kile. Pia kiwanda kinaiacha ndani ya pipa kwa miaka. Lutuku inatoka ku bomba na inaingia ku kopo siku ile ile.

Mtumwa aliyemfundisha Jack Daniel

Jambo moja halikuandikwa ku lebo kwa muda mrefu. Jasper Daniel, aliyeitwa Jack, wa mji wa Lynchburg, jimbo la Tennessee, alifundishwa kazi ya kutengeneza wiski na mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, Nathan Green, ambaye watu walimwita Nearest. Utumwa ulipokwisha, Green alikuwa mkubwa wa kwanza wa kazi ya kutengeneza wiski ya Daniel, na watoto wake pia walifanya kazi pale. Kampuni ilianza kueleza historia hiyo waziwazi mwaka 2016, na mwaka 2017 wiski yenye jina Uncle Nearest ilianza kuuzwa Marekani.

Wiski ya Tennessee iko na hatua moja zaidi. Kabla ya kuingia ku pipa, Jack Daniel's inapitishwa pole pole ndani ya makala ya mti, karibu metre tatu kwenda chini. Makala hayo yanapunguza ukali wake. Basi mtu wa Goma akiinusa na kufikiria mbabula wa mama yake, hajakosea sana.

Kusoma chupa mbele ya kulipa

Lebo inasema mengi kwa mtu anayejua maneno machache.

«Straight» maana yake wiski imekaa ndani ya pipa miaka 2 ao zaidi. Ikiwa haijafikisha 4, lebo inapaswa kutaja umri wake.

«Bottled in Bond» inatoka ku sheria ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka 4 ao zaidi ndani ya pipa, alkoli asilimia 50. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu Marekani yenyewe ilijaa wiski za uongo. Wafanyabiashara walichukua pombe ya bei ya chini, wakaitia rangi na vitu vingine, wakaiuza kama wiski iliyozeeka. Shida ya Birere ya leo ni shida ya kule ya jana.

«Proof» ni kipimo cha nguvu cha Wamarekani. Kigawanye kwa mbili: 80 ni asilimia 40, na 101 ni asilimia 50 na nusu.

«Spirit Drink» ao «Whisky Flavour» inaonyesha kama si wiski kamili. Mara nyingi ni alkoli ya kiwanda iliyotiwa harufu na rangi. Inaweza kuwa haina sumu, lakini isiuzwe kwa bei ya wiski.

Kisha tazama chupa yenyewe. Kifuniko kiwe kizima, kisizunguke bila kukatika. Chupa zinazosimama pamoja ziwe na kiasi kimoja cha kinywaji. Lebo isiwe imebandikwa upande, wala isiwe na maneno yaliyoandikwa vibaya. Angalia kama kuna namba ya kiwanda ku kioo ao ku lebo, na kama imekwaruzwa. Tena kumbuka: chupa tupu ya jina kubwa inaweza kujazwa upya. Anayemaliza chupa nyumbani aikwaruze lebo kabla ya kuitupa.

Kile ulimi hauwezi kuhukumu

Hapa ndipo pahali pa kusimama kabla ya kuonja. Kuna alkoli mbili zinazofanana kama mapacha. Etanoli ndiyo ile ya bia na wiski. Metanoli ni ya viwanda: inatumiwa kuyeyusha rangi, na pia kama mafuta ya kuwasha. Haina rangi, na harufu yake inakaribia ile ya pombe. Ndani ya mwili inageuka asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Hata mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kuharibu macho, na kidogo zaidi inaweza kuua.

Lutuku ya mahindi iliyotengenezwa kwa kawaida hutoa metanoli kidogo sana. Hatari kubwa inakuja wakati muuzaji anaongeza alkoli ya viwanda ili pombe iwe nyingi ao ichome zaidi. Hilo lilitokea karibu na hapa: mwezi wa nne mwaka 2010, ku wilaya ya Kabale, Uganda, watu 80 hivi walikufa kwa muda wa majuma matatu kwa kunywa waragi iliyochanganywa na metanoli. Kenya pia ilizika watu wengi kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2014.

Watu wana majaribio yao. Wengine wanamimina pombe ku kijiko na kuiwasha: moto ukiwa wa buluu, wanasema ni safi. Si kweli. Etanoli inawaka buluu, na ikichanganywa na metanoli inawaka buluu vile vile. Wengine wanatikisa chupa na kuangalia povu. Povu linaweza kuonyesha nguvu ya pombe, lakini halionyeshi sumu. Kuonja pia hakusaidii. Hakuna jaribio la nyumbani linaloweza kutegemewa.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ni ya pahali kinywaji kimetoka. Vinywaji vingi vinaingia Goma kwa Grande Barrière na Petite Barrière kutoka Rwanda, ao kwa Bunagana kutoka Uganda. Shirika la serikali lenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia ni Office Congolais de Contrôle, OCC. Kinywaji kilichopita kichochoroni hakijapimwa na mtu. Nunua kwa muuzaji mwenye pahali pa kudumu, anayejulikana, ambaye kesho utamkuta pale pale. Usinunue chupa iliyokwisha kufunguliwa. Na bei ikiwa chini sana kuliko ya maduka mengine yote, ujue kuna kitu.

Dalili za metanoli zinachelewa, mara nyingi saa 12 mpaka 24: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu, na kuona kama ndani ya ukungu. Watu wengi wanafikiri ni uchovu wa pombe na wanamwacha mgonjwa alale. Msimwache. Mpelekeni hospitali mara moja, bebeni chupa, na mwambieni munganga alikunywa nini na saa ngapi. Msimpe pombe nyingine nyumbani kama dawa. Kisha watafuteni wote waliokunywa ku chupa ile ile, hata wale wanaosema wako wazima.

Kuonja bila haraka

Chupa ikiwa ya kuaminika, kuonja si kazi ya wazungu wala ya matajiri. Inaomba glasi safi, maji safi na subira.

Mimina kidogo, kama vijiko vinne vya chai. Tazama rangi mbele ya karatasi nyeupe, lakini usiamini rangi peke yake. Leta glasi karibu na pua, mdomo ukiwa wazi kidogo, ili alkoli isikuchome. Tafuta harufu unazozijua: sukari iliyoungua, vanila kama ile inayolimwa upande wa Beni, mbao mpya za seremala, moshi. Wengi wanasikia ndizi mbivu ndani ya Jack Daniel's, na karanga ndani ya Jim Beam. Usiposikia hivyo, hujakosa. Pua ni yako.

Kunywa tone dogo, lizungushe mdomoni, kisha meza. Tone la kwanza linazoesha ulimi tu. Hukumu inaanza ku la pili. Baadaye ongeza matone machache ya maji na unuse tena. Mara nyingi ukali unashuka na harufu zilizofichwa zinatoka. Mwisho, hesabu ladha inakaa muda gani kooni. Nzuri inaondoka pole pole ikiacha utamu. Mbaya inachoma, kisha inaacha uchungu ao ladha ya dawa.

Maji na barafu vitoke ku chanzo safi. Goma inajua kolera vizuri, na wiski haisafishi maji machafu ya ziwa ndani ya glasi.

Anayetaka kuhukumu kwa haki afiche majina. Mtu mmoja amimine wiski tatu ndani ya glasi zinazofanana, aandike namba chini, wengine waonje bila kuona chupa. Kila mmoja atoe alama 5 kwa harufu, 5 kwa ladha, 5 kwa mwisho. Mara nyingi chupa ya bei kubwa haishindi, na wale waliobishana zaidi ndio wanaocheka zaidi majina yakifunuliwa. Hata umri si hakikisho: wiski iliyokaa sana ku pipa inaweza kuwa chungu kama maganda ya mti.

Alama ya mwisho ni ya nyumba

Kuna alama 5 nyingine, ya bei. Chupa ya santilita 70 yenye asilimia 40 ina mililita 280 za alkoli safi. Chupa kubwa ya bia ya santilita 72 yenye asilimia 5 ina 36. Basi chupa moja ya wiski ni karibu bia kubwa 8. Hesabu hiyo inasaidia mara mbili: kulinganisha bei, na kukumbuka kama glasi mbili ndogo za wiski, santilita 4 kila moja, zinakaribia bia nzima. Motari mwenye abiria nyuma, mama mwenye mimba, mtu anayekunywa dawa: kwao alama ni sifuri, hata wiski iwe nzuri namna gani.

Kwa wengine, swali la kuuliza ni rahisi: ningeweza kulipa chupa hii tena bila watoto kukosa chakula? Jibu likiwa hapana, lutuku, wiski ao bia, zote zina bei moja. Na mwenye sherehe anayewapa wageni pombe ajue kama amebeba pia macho yao. Afungue chupa mbele yao, wote wakiona kifuniko kinakatika.