Mtunzi, Karani na Mwandishi: Historia Fupi ya Moyo wa Uandishi katika Kiswahili

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili, kipaji cha mtunzi hutajwa mara nyingi kuliko mazoea yake ya kazi. Mtunzi husemwa kuwa amejaliwa, na kwa neno hilo mjadala hufungwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba moyo wa uandishi, yaani ile nia inayomfanya mtu aendelee kuandika hata asipoona malipo wala msomaji, una historia yake, na kwamba historia hiyo haiwezi kuelezwa kwa kipaji peke yake.

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Zamani, katika miji ya pwani, aliyebuni shairi aliitwa mtunzi au mshairi. Mwandishi aghalabu alikuwa yule aliyeshika kalamu: karani, au mnakili wa maandishi ya wengine. Kazi hizo mbili ziliweza kufanywa na watu wawili tofauti, na utungo uliweza kuishi bila ya karatasi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni mfano mwema. Tungo zake zilihusu siasa za mji, vita, mapenzi na njaa, na waliozisikia walikuwa jirani zake. Hakuhitaji kumwazia msomaji asiyemjua, kwani hadhira yake ilikuwa mbele yake, ikimsifu, ikimpinga na kumjibu. Mashairi yake yalihifadhiwa vichwani mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya, na diwani iliyotayarishwa na William Hichens ikachapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha mtunzi.

Kuja kwa kitabu cha chapa kulibadili hali hiyo. Mwandishi sasa alitakiwa kutunga na kuandika yeye mwenyewe, kisha kumngojea mchapaji, na baada ya mchapaji kumngojea msomaji. Ngoja hiyo ilidai moyo wa namna nyingine, na hakuna aliyeudhihirisha vizuri zaidi kuliko Shaaban Robert.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya masomo yake Dar es Salaam aliajiriwa mwaka 1926 kuwa karani katika Idara ya Forodha, akakaa huko hadi mwaka 1944. Kisha alihudumu katika idara ya wanyama, katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na hatimaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi mwaka 1960. Kwa hiyo alikuwa mwandishi kwa maana zote mbili za neno hilo. Mchana aliandika maneno ya serikali, na saa zilizobaki aliandika yake. Lau angengoja apate faragha na ukwasi ndipo aanze kutunga, yaelekea Kiswahili kisingepata Kusadikika mwaka 1951, wala Adili na Nduguze mwaka uliofuata.

Mambo mawili yanajitokeza katika maisha hayo ya kazi. La kwanza ni unyenyekevu wa mwanafunzi. Mwaka 1952, akiwa tayari ana jina, ilitolewa tafsiri yake ya beti za Omar Khayyam, aliyoifanya kutokana na Kiingereza cha FitzGerald. Na mwaka 1958 ukatokea wasifu wake wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini. Hakuona haya kujifunza kwa mtunzi wa mbali, wala kuyapa maisha ya mwanamke wa tabaka la chini heshima ya kitabu kizima.

La pili ni imani kwa msomaji asiyeonekana. Utenzi wa Vita vya Uhuru, aliouanza wakati wa Vita Kuu vya Pili, ulichapishwa mwaka 1967. Kufikirika nayo ilitoka mwaka huo, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu Juni 1962. Aliandika, basi, kurasa nyingi ambazo hakupata kuziona zikiwa kitabu.

Hapana budi kutahadhari hapa. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lakini Shaaban Robert alivumilia, na mbivu nyingi zikaliwa na waliomfuata. Kuusifu uvumilivu wake bila ya kuutaja ucheleweshaji wa vitabu vyake ni kuligeuza deni la jamii kuwa fadhila ya mwandishi. Moyo wa uandishi humwezesha mtu kukamilisha mswada. Kuuchapisha kwa wakati na kumlipa haki yake ni wajibu wa wengine.

Mfano wa tatu unauthibitisha msimamo huu kwa njia kali zaidi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Gerezani, ambako kuandika kulikatazwa, alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Muyaka alikuwa na hadhira, Shaaban Robert aliingoja hadhira, na Abdilatif alinyimwa hadhira kwa amri. Hata hivyo alitunga katika bahari zile zile za kale, kana kwamba mji mzima ulikuwa ukimsikiliza.

Kwa hiyo, mwalimu anayemwandaa kijana kuwa mwandishi hatendi haki akimwambia angoje msukumo wa moyo. Historia ya Kiswahili inamfundisha jambo jingine: ajifunze kwa waliotangulia, aandike katika saa alizonazo, na amheshimu msomaji ambaye bado hajamwona. Lakini historia hiyo hiyo inawakumbusha wachapaji, vyuo na serikali kwamba miswada ya Shaaban Robert ilimaliza miaka mingi ikingoja, na kwamba aliyeiandika hakuwapo siku ilipofunguliwa.