Chumvi ya shambani huenda wapi? Kisa cha mtambo wa Yuma

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze maji na chumvi.

Sisi wa Kitale na Bungoma chumvi hatuijui sana. Mvua inanyesha, mahindi yanamea, na mto Nzoia unabeba yote hadi Ziwa Victoria, kisha Nile, mpaka baharini. Lakini Mlima Elgon huohuo unatoa mto Suam, unaoshuka kaskazini hadi bwawa la Turkwel (lilikamilika 1991), unamwagilia mashamba ya Katilu, na kuishia Ziwa Turkana. Ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Maji hupaa kwa jua, chumvi hubaki.

Shamba la umwagiliaji penye jua kali huwa hivyo hivyo. Maji ya mto yana chumvi kidogo. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi udongoni. Mkulima hulazimika kuiosha kwa maji ya ziada na kuyatoa kwa mtaro. Sasa yaende wapi?

Wamarekani walikutana na swali hili mwaka 1961. Bonde la Wellton-Mohawk, Arizona, lilianza kupampu maji ya chumvi kutoka chini ya mashamba na kuyamwaga mto Colorado, ambao huingia Meksiko. Mazao ya Mexicali yakaharibika, Meksiko ikalalamika. Makubaliano yalipatikana 1973, na mwaka 1974 Bunge la Marekani likaidhinisha mtambo mjini Yuma. Kazi yake: kusukuma maji ya mtaro kwa nguvu kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, ili yarudi mtoni yakatumike tena.

Ulikamilika 1992 kwa dola kama milioni 250. Ulifanya kazi miezi michache tu, tena kwa theluthi ya uwezo wake. 1993 mafuriko yakabomoa mtaro, ukafungwa. Umewashwa tena kwa majaribio tu, 2007 na 2010 hadi 2011.

Je, utando ulishindwa? Hapana, ulichuja vizuri. Ila ulikuwa ghali, na mtaro wa zege uliokamilika 1977 ulikuwa tayari unapeleka maji yale Santa Clara, Meksiko, mbali na mto. Makubaliano yakatimizwa bila mtambo! Huko jangwani pakaota matete, ndege wakahamia. Mtambo ukifanya kazi kikamilifu, ndege hao watabakiwa na maji machache yenye chumvi kali zaidi.

Chumvi haifutwi, inahamishwa. Ni kama kuburuta faili hadi kwenye pipa la taka: umeliondoa machoni, diski bado imejaa.

Kwa hiyo tunapotaka mashamba mengi zaidi kando ya Turkwel, mtaro upangwe kabla ya mfereji. Nzoia ina bahari mwisho wa safari, Turkwel haina.

Mnaonaje, hasa ndugu zetu wa Lodwar?